« NI MIZIZI TU, MUNGANGA »
Namna mashini inavyofunua kitu kilichofichwa ndani ya unga wa dawa



Tutoe mfano. Mfanyakazi mmoja ameshinda siku nzima akiinua vyuma. Jioni anarudi nyumbani, mgongo unamuuma, goti limevimba. Bibi yake anamwambia: « Baba, sokoni kuna unga wa mizizi. Jirani ameunywa, maumivu yamekwisha kwa siku mbili. » Anaunywa. Kweli, kesho yake anaamka mwepesi kama kijana. Lakini wiki ya tatu tumbo linamchoma, na choo chake ni cheusi kama lami. Wanampeleka hospitali.

« Baba, unakunywa dawa gani?
— Vile vidonge tu mlivyonipa hapa.
— Na nyingine?
— Hakuna. Ni mizizi tu, munganga. »

Ni mizizi tu. Leo tuzungumze juu ya maneno hayo matatu.

MIZIZI INAWEZA KUWA NA NGUVU

Hatusemi kwamba miti haina dawa. Wazee wetu walijua mambo mengi. Mkono ukigongwa au goti likichoka, mwili wenyewe hutengeneza vitu viitwavyo prostaglandini. Hivi huleta damu nyingi mahali palipoumia. Ndiyo sababu pale panakuwa pekundu, panapata moto, panavimba na kuuma. Dawa ya kupunguza uvimbe ni ile inayozuia kazi hiyo, na mimea mingine ina vitu vyenye nguvu ya namna hiyo.

Tazameni mmea mmoja wa kusini mwa Afrika. Katika mchanga wa Kalahari, nchini Namibia, Botswana na Afrika Kusini, kuna mmea unaotambaa chini, ambao matunda yake yana ndoano kali zinazonasa miguu ya wanyama. Wataalamu wanauita Harpagophytum procumbens. Wasan na Wanama walitumia mizizi yake minene tangu zamani. Sasa vipande vyake vikavu vinauzwa hata Ulaya kwa watu wenye maumivu ya viungo. Ndani yake kuna kitu kiitwacho harpagosidi. Kanuni ya madawa ya Ulaya inataka kiasi chake kisipungue 1,2 kwa mia ya mzizi mkavu.

Lakini mmea huo una ndugu yake, Harpagophytum zeyheri, ambao unaota hata Angola na Zambia. Kwa kawaida huyo ana harpagosidi kidogo kuliko mwenzake. Mizizi ikisha kukaushwa na kusagwa, nani atajua huu ni upi? Unga ni unga. Jicho halitoshi, ulimi hautoshi.

MASHINI YA KUPIMA KISICHOONEKANA

Ninyi mnajua kazi ya laboratwari. Jiwe likitoka mgodini, hakuna anayesema « lina shaba nyingi » kwa kulitazama tu. Sehemu yake inasagwa, inapelekwa kupimwa, ndipo namba inatoka. Mmea nao hupimwa hivyo, kwa mashini iitwayo spektrometa ya masi. Mwingereza Francis Aston alitengeneza moja ya mashini za kwanza za namna hiyo mwaka 1919, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1922. Za leo zina nguvu zaidi.

Kwanza unga unalowekwa katika alkoli, ili vitu vilivyo ndani vitoke. Maji hayo yanapitishwa kwa nguvu katika mrija mwembamba uliojaa unga mwingine maalum. Vitu vingine vinapita upesi, vingine vinachelewa, basi vinatengana. Kila kimoja kinapotoka kinatiwa umeme, kinarushwa mahali pasipo na hewa. Huko nguvu ya sumaku au ya umeme inakivuta kando. Fikirini mnatupa mpira na jiwe wakati upepo mkali unavuma: mpira unapeperushwa mbali, jiwe linakwenda karibu na njia yake. Vivyo hivyo kitu chepesi kinapindishwa sana, kizito kinapindishwa kidogo. Kwa njia hiyo mashini inajua uzito wa kila molekuli.

Kipimo ni chembe ya hidrojeni, ambayo uzito wake ni kama 1. Kwa kipimo hicho, harpagosidi ina 494. Aspirini ina 180.

Lakini vitu viwili vinaweza kuwa na uzito mmoja. Kwa hiyo mashini inavunja molekuli na kupima vipande vyake pia. Mwishoni wataalamu wanalinganisha matokeo na kitu safi wanachokijua. Vikifanana katika yote, ndipo wanathubutu kutaja jina.

Hata hivyo, kujua jina si kupata dawa. Bado inabaki kujaribu kama kitu hicho kinapunguza uvimbe kweli, kwa kiasi gani, na kama hakiumizi tumbo, maini au figo.

MWIZI NDANI YA UNGA

Mashini hiyo imefunua jambo lingine, na hili ndilo linalotugusa sisi. Wauzaji wengine wanachanganya dawa ya kiwandani ndani ya kile wanachokiita mimea, ili mnunuzi apone upesi na kurudi kununua.

Tuchukue dawa iitwayo diclofenac. Molekuli yake ina chembe mbili za klorini, na klorini ina namna mbili, nzito na nyepesi. Kwa hiyo katika mashini haitoi alama moja, bali kundi: 295, kisha 297, kisha 299. Mtaalamu akikuta kundi hilo na vipande vyake ndani ya unga unaoitwa mizizi tu, mwizi amekamatwa.

Si hadithi. Mwaka 2022 ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilitangaza hatari ya vidonge vilivyouzwa kwa jina la Artri King, kwa ajili ya maumivu ya viungo. Laboratwari ilikuta ndani yake diclofenac na dexamethasone. Hakuna hata moja iliyoandikwa kwenye karatasi ya nje. Watu walikuwa wameumia maini, na vifo vilitajwa.

Sasa rudini kwa mwenzetu wa mwanzo. Kama unga wake ulikuwa na dawa ya namna hiyo, na hospitali ilikuwa imempa nyingine ya jamii ileile, basi alikunywa mara mbili pasipo kujua. Dawa hizo zinaweza kuchubua tumbo mpaka damu itoke. Choo cheusi ndiyo alama yake. Zinaweza pia kuharibu figo, hasa za mtu anayetoka jasho sana na kunywa maji kidogo. Nani anatoka jasho kuliko mtu wa mgodini?

YA KUKUMBUKA

1. Munganga akiuliza unakunywa nini, mwambie yote: vidonge, unga, majani, mizizi. Hakuulizi ili akugombeze. Anataka kujua atakupa nini kisichogongana nayo.

2. Dawa « ya mizizi » inayomaliza maumivu makali kwa siku moja, uiogope. Ipeleke hospitali pamoja na karatasi yake.

3. Kama umeitumia muda mrefu, usiiache ghafula bila kumwona munganga. Ikiwa ina dexamethasone, kuiacha mara moja kunaweza kuangusha mwili.

4. Choo cheusi, kutapika damu, macho ya manjano, mkojo kupungua: nenda hospitali siku hiyohiyo.

5. Maumivu ya mgongo ni kengele. Usiinyamazishe kwa unga na kuendelea kuinua vibaya. Piga magoti, shika mzigo karibu na kifua, ita mwenzako.

Mama, wewe ndiwe unayejua kila kilicho katika kabati la nyumba. Baba akienda hospitali, ufunge ule unga katika karatasi, umtilie mfukoni. Munganga auone kwa macho yake.