Je, Wajua? Praimu, Makro na Milimita 36

Je, wajua kwamba kipimo cha kamera ya fremu kamili kilizaliwa kwenye mkanda wa sinema? Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, alizichukua picha mbili za sinema zilizopakana mkandani akazifanya moja. Akapata milimita 36 kwa 24. Kamera yake ya majaribio ilikuwepo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Leica ya kwanza ya kuuzwa ilionyeshwa Leipzig mwaka 1925. Sensa ya leo ya fremu kamili, yaani fulufremu, ina vipimo vilevile. Zishike kichwani hizo milimita 36, maana tutazirudia mpaka mwisho.

Pima ulalo wa fremu hiyo, kona kwa kona, utapata milimita 43 na ushei. Lenzi yenye fokasi (ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi) inayokaribia hapo huitwa lenzi ya kawaida, kwa kuwa haivuti vitu karibu wala haivisukumi mbali. Ndiyo maana lenzi za milimita 40 na 50 zinapendwa. Mpiga picha Henri Cartier-Bresson wa Ufaransa alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa milimita 50.

Je, wajua kwamba lenzi yako ya 50 haibadiliki hata ukiifunga kwenye kamera yenye sensa ndogo? Sensa ndogo hukata pembeni tu, ukaona kana kwamba umefunga lenzi ya 75 kwenye Nikon au Sony, au ya 80 kwenye Canon. Aliyezoea sensa ndogo akahamia fulufremu hushangaa lenzi yake imekuwa pana ghafla. Upana huo ulikuwepo siku zote.

Na ile namba ya tundu linalopitisha mwanga ndani ya lenzi, f/1.8 au f/4, ni hesabu ya kugawanya: fokasi kwa upana wa tundu. Lenzi ya 50 ikifunguliwa f/2 ina tundu la milimita 25. Kwa hiyo namba ikipungua, tundu linapanuka. Ukitoka f/2.8 kwenda f/1.4 mwanga unaongezeka mara nne. Zumu nyingi (lenzi zinazobadili fokasi) za bei ya chini zikifika fokasi ya kati zimeshajibana hadi f/5.6 hivi. Praimu ya f/1.8, yaani lenzi yenye fokasi moja isiyozumu, huleta mwanga karibu mara kumi ya huo. Kwenye ukumbi wa harusi usiku, taa za rangi zikiwaka na kuzima, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama uso wa bibi harusi utatoka mkali au utatoka umetikisika.

Je, wajua kwamba imewahi kuwepo lenzi ya 50 yenye f/0.7? Zeiss walitengeneza kumi tu katika miaka ya 1960. NASA walichukua sita, moja ikabaki kiwandani, na tatu akanunua mwongozaji wa filamu Stanley Kubrick. Kwa lenzi hizo alipiga sehemu za filamu ya Barry Lyndon, iliyotoka 1975, kwa mwanga wa mishumaa peke yake. Fikiria tundu la milimita 71 kwenye lenzi ya fokasi 50! Gharama yake ilikuwa kina cha ukali: eneo lililo wazi lilikuwa jembamba kiasi kwamba waigizaji walilazimika kukaa karibu bila kusogea. Hadithi hii ninaipenda kwa sababu inasema wazi jambo ambalo muuzaji hasemi: kila hatua ya tundu unailipia mara mbili, dukani na kwenye kina cha ukali.

Tazama mizani. Canon RF 50 ya f/1.8 ina gramu 160. Ndugu yake wa f/1.2 ana gramu 950. Mwanga alioongeza ni mara mbili na robo, na uzito ni karibu mara sita. Anayeanza achukue ile ya gramu 160 bila kuona haya. Ni lenzi nzuri ya kweli, na fedha inayobaki ina kazi nyingine, tutaifikia.

Je, wajua kwamba si lenzi inayokuza pua ya mtu? Ni umbali. Ukimsogelea kwa shubiri mbili, pua iko karibu nawe zaidi kuliko masikio kwa kiasi kikubwa, nayo inatokeza. Rudi nyuma mita mbili, uso unatulia. Lenzi ya 85 inasifiwa kwa picha za watu kwa kuwa inakulazimisha urudi nyuma huku uso ukiendelea kujaza fremu.

Praimu ipi basi, ya 35, ya 50 au ya 85? Jibu unalo tayari kwenye kompyuta yako. Faili la picha kwa kawaida huhifadhi fokasi iliyotumika. Chukua picha zako mia mbili za zumu, zile unazozipenda tu, uangalie namba zinazojirudia. Mtu anayedhani ni wa 85 mara nyingi hujikuta alikuwa akisimama kwenye 35 miaka yote.

Sasa makro, lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, na hapa ndipo watu wengi wanapouziwa jina. Je, wajua maana ya moja kwa moja, ile inayoandikwa 1:1? Ni kwamba kitu kinatua juu ya sensa kikiwa na ukubwa wake halisi. Mbu wa milimita 6 hukaa kwenye milimita 6 za sensa, sehemu moja ya sita ya upana wa zile 36. Kwa ukubwa huo unaweza kuona mabaka meusi na meupe kwenye mabawa ya mbu aina ya anofelesi, na jinsi anavyotua akiwa ameinua tumbo, tofauti na kuleksi anayelala sambamba na ukuta.

Lakini neno makro halina polisi. Canon RF 35 ya f/1.8 na RF 85 ya f/2 zote zina neno hilo kwenye jina, na zote zinaishia nusu ya ukubwa halisi. Ni lenzi nzuri, ila mnunuzi ajue. Zumu nyingi zilizoandikwa makro hazifiki hata hapo nusu. Usisome jina, soma mstari wa ukuzaji kwenye karatasi ya vipimo: kama haukuandikwa 1:1, au 1.0, au zaidi, hiyo si makro kamili. Canon RF 100 ya mwaka 2021 inafika 1.4, inauvuka ukubwa halisi wa kitu chenyewe.

Nikon wao huandika Micro badala ya Macro, na ni lenzi za kazi ileile. Lenzi yao ya kwanza ya aina hiyo, ya mwaka 1956, ilikusudiwa kunakili maandishi kwenye mikrofilamu. Herufi za kanji za Kijapani zimejaa vijistari vidogo vilivyobanana, na lenzi za kawaida zilikuwa zikiviharibu. Mwaka mmoja kabla yake, mtengenezaji wa lenzi Heinz Kilfitt alikuwa ametoa Makro-Kilar ya milimita 40 kutoka Liechtenstein, makro ya kwanza iliyoundwa kwa ajili ya kamera ndogo za rifleksi.

Je, wajua kwamba umbali wa kufokasi ulioandikwa kwenye lenzi haupimwi kutoka mbele ya kioo? Unapimwa kutoka kwenye sensa, pale juu ya kamera penye alama ya duara lililokatwa na mstari. Hapo ndipo wengi wanapotegwa. Nikon Z ya makro ya 50 hufokasi kwa sentimita 16. Toa unene wa kamera na urefu wa lenzi, zinabaki kama sentimita tano mbele ya kioo. Kipepeo gani atakusubiri hapo? Na kivuli cha lenzi kinamfunika. Ya 105 hufokasi kwa sentimita 29 na kukuachia nafasi zaidi ya mara mbili. Kwa ua, pete na hati, ya 50 inatosha. Kwa mdudu aliye hai chukua ya 90, 100 au 105, usitafute pungufu.

Wengine hununua makro fupi wakidhani itawapa kina kirefu zaidi cha ukali. Haiwapi. Kwenye 1:1 fokasi ya lenzi haibadilishi karibu chochote: ukiwa f/8 una kama milimita moja tu iliyo wazi, iwe ni ya 50 au ya 100. Milimita moja! Jicho la nzi likiwa kali, miguu yake imeshapotea. Ukibana tundu zaidi unaingia shida nyingine, kwa kuwa kwenye 1:1 namba ya tundu hujizidisha mara mbili. Unadhani uko f/16, kumbe mwanga unaona f/32, na picha nzima inalainika. Dawa waliyoipata wapiga picha za wadudu ni kupiga picha nyingi, sehemu iliyo kali ikisogezwa kidogokidogo kila mara, kisha kompyuta inaunganisha sehemu kali za kila moja.

Kuna viumbe ambao hata 1:1 haiwatoshi. Je, wajua kuhusu chura wa Kihansi? Ni chura mdogo wa korongo la mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, Tanzania, aliyezoea manyunyu ya maporomoko. Mkubwa wao hafiki sentimita tatu, nao hawatagi mayai, huzaa watoto wa milimita tano hivi. Baadhi walipelekwa kutunzwa Marekani, waliobaki wakatoweka porini, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kwao. Kwa makro ya 1:1 kichanga huyo ni kitone katikati ya fremu. Kwa Canon MP-E 65 ya mwaka 1999, inayokuza hadi mara tano, fremu nzima ni milimita 7.2 tu kwa upana, na kichanga anachukua zaidi ya theluthi mbili yake. Lenzi hiyo haiwezi kupiga mlima wala mtu. Imezaliwa kwa vitu vidogo basi.

Asiye na fedha ya makro anunue mirija ya kurefusha. Ni mirija mitupu, haina kioo ndani. Mrija wa milimita 25 nyuma ya lenzi ya 50 huongeza ukuzaji kwa nusu nzima. Kwa anayejifunza, hakuna njia ya bei nafuu kuliko hiyo ninayoiamini.

Anayenunua mtumba Mombasa, Unguja au Dar es Salaam aende na tochi. Amulike lenzi kwa nyuma akichungulia mbele. Nyuzi nyeupe kama za buibui ni ukungu, na unyevu wa pwani huulea. Ukungu ukikaa muda mrefu hula hata rangi ya kinga juu ya kioo, na hapo kusafisha hakusaidii.

La mwisho ndilo lililonifanya niandike safu hii. Je, wajua kwamba negativu ya filamu ya kawaida ina picha ya milimita 36 kwa 24? Ni ukubwa uleule wa sensa ya fulufremu. Makro ya 1:1 ikiitazama negativu iliyowekwa juu ya taa nyeupe, picha ya zamani inaijaza sensa kona hadi kona, bila kupotea pembeni hata kidogo. Hiyo ndiyo kazi ya fedha uliyookoa kwenye ile f/1.2. Huku pwani ukungu unaokula lenzi unakula na filamu. Kama kwenu kuna bahasha ya negativu chini ya sanduku la bibi, zitoe mwezi huu, zifute vumbi kwa brashi laini, uzipige moja baada ya nyingine bibi akiwa bado anaweza kukutajia majina ya waliomo.