Utundu Unaoficha Mateso

Wahenga walinena kuwa mkono mmoja haulei mwana. Katika vitongoji vya pembezoni mwa Dar es Salaam, kama vile Mbagala katika Temeke na Bunju katika Kinondoni, wako watoto wanaolelewa na mkono mmoja. Mama huondoka alfajiri kwenda sokoni na kurejea usiku. Jamaa wako mkoani. Jirani wa chumba cha pili amehamia juzi. Mtoto huachiwa dada wa miaka 8, au mtu yeyote aliyepo.

Umaskini peke yake haumfanyi mzazi kuwa mkatili. Walezi wema ni wengi miongoni mwa maskini. Hatari huzidi pale dhiki inapoungana na upweke, ulevi, ugomvi wa wazazi, au imani kwamba mtoto hafunziki bila fimbo. Mzazi aliyekuzwa kwa kipigo mara nyingi huijua njia hiyo tu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walieleza kuwa walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao hawakutafuta msaada.

Hata hivyo, mtoto asiyesema huonyesha. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena, mchangamfu hujitenga, mwenye bidii husinzia darasani, mwingine hukataa katakata kubaki na mtu fulani. Aliyetelekezwa hudhoofu, na vidonda vyake havitibiwi. Dalili moja si ushahidi, lakini zikiandamana au zikizuka ghafla, yafaa mtoto aulizwe kwa upole.

Msiba ni kwamba dalili hizo huitwa utundu. Anayekojoa kwa hofu hupigwa, hofu ikazidi, akakojoa tena. Adhabu hukuza kile kile ilichokusudiwa kukiondoa.

Kuijali jamii ni mmojawapo wa misingi 7 ya ushirika iliyopitishwa kimataifa mwaka 1995. Mwanachama anayekwama ghafla kurejesha mkopo huenda ana dhiki ambayo watoto wake ndio wanaoibeba. Kamati imwendee kwa ushauri kabla ya kumwendea kwa madai. Akina mama wa soko moja waweza kupokezana zamu za kuangalia watoto.

Pale mtoto anapoumizwa, ushauri hautoshi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari za mtoto anayenyimwa haki zake kuzifikisha kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Wako pia maofisa ustawi wa jamii, madawati ya jinsia na watoto ya polisi, na simu namba 116 isiyo na malipo. Kutoa habari si kuvunja nyumba ya jirani. Ni kuongeza mkono wa pili katika malezi.