Piano Inayojipiga na Nyimbo Zake

Mgeni akipita karibu na ukumbi wetu Jumapili jioni akasikia muziki, kisha akachungulia dirishani, huona jambo la kumshtua: funguo za piano zinashuka na kupanda, kanyagio linakwenda juu na chini, na kiti hakina mtu. Kila mwaka wako wadogo wa kidato cha kwanza wanaokimbia. Mimi nami nilikimbia, sikatai. Sasa ni mwaka wa pili tangu nipewe kazi ya kutunza nyimbo za piano hiyo, na Mhariri ameniomba nieleze ni kazi gani, maana wenzangu husema ni kubonyeza kitufe na kukaa.

Mashine ya namna hii si mpya. Mwaka 1895 Mmarekani mmoja, Edwin Votey, alitengeneza katika mji wa Detroit chombo kilichoitwa Pianola. Kilikuwa kabati lililosogezwa mbele ya piano ya kawaida, lenye vidole vya mbao vya kubonyeza funguo. Mtu alikanyaga mivukuto kwa miguu, na karatasi ndefu yenye matundu ilikuwa ikijiviringisha kutoka msokoto mmoja kwenda mwingine. Hewa ilipopita katika tundu, kidole chake kilishuka. Mwaka 1904 kampuni ya Welte ya Freiburg, Ujerumani, ilileta Welte-Mignon, ambayo iliweza kurudisha hata nguvu na upole wa mpigaji. Mwaka 1908 watengenezaji wa Marekani walikutana Buffalo wakapatana upana mmoja wa karatasi, inchi 11 na robo, ili msokoto wa kampuni moja uingie katika piano ya kampuni nyingine. Baadaye redio na santuri ziliwavuta wanunuzi, na uchumi wa Marekani ulipoanguka mwaka 1929 biashara ile ilikufa karibu yote.

Mrithi wa karatasi ile ni midi. Mwaka 1983 makampuni ya Marekani na Japani yaliyotengeneza vinanda vya umeme yalipatana lugha moja ya vyombo vyao kusemezana. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba faili ya midi haina sauti hata kidogo. Ina amri tu: bonyeza ufunguo namba 60 kwa nguvu 72, uachie, kanyaga kanyagio la kulia, liachie. Funguo 88 za piano zina namba 21 hadi 108, na nguvu huhesabiwa kutoka 1 hadi 127. Chini ya kila ufunguo wa piano yetu kuna sumaku ya umeme inayotii amri hizo. Nyundo na nyuzi ni za piano ya kweli. Na kwa kuwa ni amri tu, disketi ndogo ya kilobaiti 720 hubeba nyimbo nyingi, wakati wimbo mmoja wa sauti iliyorekodiwa usingeingia.

Basi anayetafuta nyimbo za midi atazipata kwa maelfu, na nyingi hazifai. Faili yaweza kuwa na jina la Beethoven, noti zote ziwe sahihi, na bado ukiipiga utadhani unasikia cherehani. Sababu ni namna ilivyotengenezwa. Iko faili iliyoandikwa na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta akiingiza noti moja moja kutoka kitabu cha muziki. Iko ambayo mpiga piano hodari aliipiga juu ya piano yenye vipimo, na kila ufunguo ukaandikwa jinsi alivyoubonyeza. Iko iliyopatikana kwa kupiga picha misokoto ya zamani. Na siku hizi iko ya nne, ambayo kompyuta imesikiliza rekodi ya kawaida ikakisia noti zake. Mwaka 2020 ulitolewa mkusanyiko wa namna hiyo uitwao GiantMIDI-Piano, wenye vipande zaidi ya 10,000. Hizo za kukisiwa zasikika vizuri kwa mbali, ila mara kwa mara hutokea noti ambayo hakuna aliyeipiga, kama mtu anayekohoa kanisani.

Mimi nikipata faili mpya siipigi kwanza. Naifungua katika kompyuta nitazame namba zake. Nikiona noti zote zina nguvu 80, hakuna 79 wala 81, najua hapakuwa na mkono wa mtu. Nikiona kila noti imeanza sawasawa juu ya mstari wa kipimo, najua vivyo hivyo. Tena natafuta amri ya kanyagio la kulia, ambayo ni namba 64; wimbo wa Chopin usio na amri hiyo ni mkavu kama muhogo wa jana. Zilizo bora kupita zote, kwa maoni yangu, ni zile zilizopigwa na watu. Mkusanyiko wa MAESTRO, uliotolewa mwaka 2018, una saa zipatazo 200 za vijana walioshindana katika International Piano-e-Competition, wote wakipiga piano za Disklavier. Umeruhusiwa kutumiwa bure, lakini si kwa biashara, na hilo ni vema kulikumbuka kabla hujamnakilia mtu kwa malipo.

Hata hivyo kanuni yangu ya nguvu ilinidanganya. Mwaka 1916, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, Scott Joplin, Mmarekani mweusi aliyetunga Maple Leaf Rag, aliupiga wimbo huo kwa ajili ya msokoto. Nilipata faili yake, nikaona nguvu zote ni sawa, nikaitupa bila kuisikiliza. Baadaye nilisoma kwamba misokoto ya kawaida ya siku zile haikuandika nguvu kabisa. Nguvu ilikuwa kazi ya mwenye piano, kwa miguu yake juu ya mivukuto. Namba zilizolingana zilikuwa za karatasi, na mwendo ulikuwa bado una alama ya mikono ya mtu, ingawa wahariri wa viwanda vya misokoto nao waliweza kusahihisha na kuongeza noti. Niliitafuta tena, nikaitia nguvu kidogo kidogo mimi mwenyewe, mkono wa kulia juu ya wa kushoto, na sasa ndiyo inayoombwa kuliko zote.

Misokoto ina mitego mingine. Ile ya Welte, ya Ampico na ya Duo-Art ilikuwa na matundu ya pembeni yaliyotoa amri za nguvu. Ziko faili zilizonakili msokoto tundu kwa tundu, kwa ajili ya piano za kale zilizotiwa valvu za umeme. Ukiiweka faili hiyo katika piano kama yetu, matundu yale ya pembeni hugeuka noti, na katikati ya wimbo mtulivu besi ya mwisho kabisa inaanza kugonga kama mtu anayebisha hodi. Yapasa kupata faili ambayo amri zile zimekwisha kugeuzwa kuwa nguvu. Mwendo nao ni hivyo hivyo: msokoto ulioandikwa 70 ulitakiwa kwenda futi 7 kwa dakika, na aliyeusoma akikosea hapo, waltz inakuwa mchakamchaka. Chuo Kikuu cha Stanford, California, ambacho mwaka 2014 kilipata misokoto ipatayo 7,500 iliyokusanywa na Denis Condon wa Australia, kimekuwa kikiifanya kazi hii kwa uangalifu mkubwa, na faili zake naziamini.

Tena piano yenyewe ina mipaka yake. Noti yenye nguvu ndogo sana haisikiki, maana nyundo haifiki kwenye uzi. Noti inayorudiwa upesi mno hupotea, kwa kuwa ufunguo haujawahi kurudi juu. Na faili ya bendi nzima usiiweke kabla ya kuondoa chaneli ya 10, ambayo kwa desturi ni ya ngoma, la sivyo piano yaweza kupiga ngoma kwa funguo zake.

Sasa nije kwenye disketi za Padre. Waliosoma hapa zamani wanamkumbuka Padre aliyefundisha kwaya, ambaye alirudi kwao Ulaya akafariki huko. Yeye aliitumia piano kama daftari: alikaa, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akapiga, na piano ikaandika mikono yake. Aliacha disketi 31 katika kopo la biskuti. Piano za awali za aina ya Disklavier ziliandika nyimbo kwa namna yake yenyewe, faili zikiisha kwa herufi FIL badala ya MID, na kompyuta ya kawaida hudhani ni kitu kilichoharibika. Wiki yangu ya kwanza niliingiza disketi ya 14, kompyuta ikauliza kama isafishwe, nami nikajibu ndiyo. Karatasi iliyobandikwa juu yake kwa mwandiko wa Padre ilisema: Nyimbo za Majilio. Sikuisoma mpaka mambo yalipokwisha.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Kila disketi hufungwa kwanza isiandikike, kwa kusogeza kile kibao kidogo cha pembeni. Hunakiliwa nzima, na nakala ya kwanza haiguswi tena na mtu. Nyingine ndiyo inayogeuzwa kuwa midi na kurekebishwa. Jina la faili huanza na mtunzi, kisha wimbo, kisha mpigaji, kisha chanzo, kwa mfano Joplin-MapleLeaf-Joplin-msokoto. Mpigaji na chanzo ndivyo watu husahau kuandika, na ndivyo navitaka mimi kuliko vyote. Kwa disketi za piano ya zamani jina haliwezi kuzidi herufi nane, kwa hiyo natumia namba tu, na maelezo yamo katika daftari. Namba naandika 01, 02, 03, kwani ukiandika 1, 2, 3 mashine nyingi huweka 10 mbele ya 2, na katika Misa ya Pasaka mwaka jana tulisikia wimbo wa kutokea kabla ya wa kuingilia. Angalieni pia kwamba ndani ya faili kuna jina jingine, na piano nyingine huonyesha hilo. Tulikuwa na nyimbo tisa zote zikiitwa kwa neno moja la Kiingereza lenye maana ya kutokuwa na jina.

Folda sizipangi kwa watunzi peke yake. Anayekuja kuniomba wimbo hasemi nipe Schumann. Husema nipe wa mahafali, wa Majilio, wa wageni wakila. Kwa hiyo folda zimefuata matumizi, na watunzi wamo katika daftari.

Katika disketi zilizosalia, 27 zimesomeka. Mojawapo haikuwa na jina wala karatasi, na faili yake ilianza kwa kimya cha karibu dakika nzima, nilitaka kuifuta. Mwalimu mmoja, ambaye alikuwa mwimbaji wa kwaya enzi hizo, alikuwa amesimama mlangoni. Kimya kilipokwisha na mikono ikaanza, ilipofika ubeti wa pili mkono wa kushoto ulikosea noti moja ya besi. Akacheka, akasema, "Hapo ndipo Padre alipokosea kila mara, na kila mara alitulaumu sisi." Kosa lile sijalisahihisha.

Nimeambiwa kwamba wanakwaya waliohitimu kati ya 1999 na 2004 walipewa na Padre disketi moja kila mmoja kuwa kumbukumbu, na wengi hawakuwa na chombo cha kuisikilizia. Mwenye yenye Nyimbo za Majilio, au yoyote nyingine, asiiingize katika kompyuta. Ailete shuleni kama ilivyo au aitume kwa Mhariri, na tutamrudishia pamoja na nakala anayoweza kuisikiliza.