Mwenyeji na Mgeni: Maneno Mawili katika Siasa ya Katanga

Katika Kiswahili cha kila siku, ugeni ni hali ya muda. Methali yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayepokea jembe hahesabiwi tena kuwa mgeni, bali mmoja wa watu wa nyumba. Neno mwenyeji nalo lina maana mbili: mtu wa mahali fulani, na mtu anayepokea wageni. Siasa ya Katanga iliyageuza maneno haya mawili. Ugeni ukawa hali ya kurithiwa, na uwenyeji ukawa haki ya kufukuza.

Chanzo cha mambo ni kazi. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mji wa Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ulianzishwa mwaka 1910. Watu wa karibu hawakutosha kwa migodi na reli, kwa hiyo wafanyakazi wakatafutwa mbali, hasa Kasai. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilipendelea waishi kambini pamoja na wake na watoto wao. Humo Kiswahili kikawa lugha ya kazi, kisha lugha ya nyumbani ya watoto waliozaliwa humo.

Siasa za uchaguzi zilifuata. Mwezi Desemba 1957 wakazi wa Élisabethville walipiga kura kwa mara ya kwanza, na wengi wa waliopata kuongoza komine walikuwa wenye asili ya nje ya Katanga. Mwezi Oktoba 1958 kikaundwa chama cha CONAKAT, kilichodai kusema kwa niaba ya Wakatanga wa asili. Tarehe 11 Julai 1960 kiongozi wake, Moïse Tshombe, alitangaza Katanga kujitenga na Kongo. Utengano huo ulikwisha mwezi Januari 1963, lakini swali la nani ni mwenyeji halikwisha.

Lilirudi baada ya mfumo wa vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1990, wakati jimbo lilipoitwa Shaba. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, kuwa waziri mkuu, mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Shaba. Ushindani wa viongozi ukashuka hadi mitaani. Katika Likasi na Kolwezi familia za Wakasai zilitolewa majumbani, zikangoja treni kwenye stesheni, na wengi walifia njiani. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka. Waliitwa «bilulu», yaani wadudu.

Hapa mwanaisimu hana budi kusimama. Kwanza, neno hilo halikutoka katika lugha ngeni: lilitamkwa na kueleweka na pande zote mbili, kwa kuwa zilisema Kiswahili kimoja. Yaonekana basi kwamba lugha ya pamoja, ingawa ni daraja, haitoshi kuwa ulinzi. Pili, mtu akiisha kuitwa mdudu, hahesabiwi tena kuwa jirani. Jina hutangulia tendo.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imejibu kwa njia ya sheria. Kifungu cha 13 chakataza kumbagua Mkongomani yeyote kwa sababu ya kabila lake, na kifungu cha 30 champa haki ya kukaa popote nchini. Lakini katiba hiyo hiyo iliongeza majimbo, na mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa manne: Katanga ya Juu, Lualaba, Lomami ya Juu na Tanganyika. Zamani aliyetoka Kamina kwenda kufanya kazi Kolwezi alibaki ndani ya jimbo lake. Sasa anavuka mpaka wa jimbo, na anayetaka kumwita mgeni amepata kisingizio kipya.

Mipaka ya utawala ni ya lazima ili serikali iwe karibu na raia. Lakini mpaka wa jimbo hauwezi kuwa kipimo cha uraia. Wakasai wa Shaba walikuwa wameshika jembe kwa zaidi ya miaka sitini. Kwa kipimo cha methali, siku yao ya tatu ilikuwa imepita zamani sana.