Dola 50 zilizogeuka shilingi 50

Mwaka jana niliwaandikia wenzangu programu ndogo ya mfuko wetu wa dharura: michango inaingia, mikopo inatoka, salio linaonekana. Tulijidai nayo sana. Kisha mwenzetu mmoja kutoka nje ya nchi akahitaji dola 50. Mhazini akachukua shilingi za mfuko, akazibadilisha, akaandika mkopo. Programu ikapunguza 50 kwenye salio la shilingi, basi. Mwisho wa mwezi pesa taslimu zilipungua laki moja na ushee, na dada yetu mhazini akaishi siku nne akiitwa mwizi kwenye magrupu ya WhatsApp. Kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa nimehifadhi kiasi kama namba tupu. Sarafu iliandikwa kwenye safu nyingine ya "maelezo", ambayo hakuna aliyeisoma. Kumbe 50 peke yake si pesa. Kiasi na sarafu ni chanda na pete.

Wanaotumia Java na Hibernate wana dawa ya hili. Unaandika klasi moja, tuiite Fedha, yenye kiasi na sarafu, unaibandika alama ya @Embeddable, halafu unaitumia popote penye pesa. Fedha haina namba ya utambulisho. Mwanafunzi anayo: akina Juma wawili si mtu mmoja hata wakifanana majina. Lakini ukinidai elfu kumi, hujali nakupa noti ipi. (Benki Kuu inajali, ndiyo maana noti ina namba. Kitu kilekile kinaweza kuwa thamani tu kwako na kuwa na utambulisho kwa mwingine.)

Mwanzo nilitaka kuipa Fedha jedwali lake. Usifanye hivyo. Mikopo miwili ikielekeza kwenye mstari mmoja wa fedha, ukirekebisha mmoja na wa pili umebadilika. Martin Fowler alishaeleza njia bora katika kitabu chake cha mwaka 2002, Patterns of Enterprise Application Architecture: sehemu za thamani zikae ndani ya jedwali la mwenye nayo. Kwenye programu ni obijekti moja; kwenye hifadhidata ni safu mbili za jedwali la mikopo.

Sasa mkopo una pesa iliyoombwa na pesa iliyoidhinishwa, zote ni Fedha. Hapo Hibernate inagoma, inalalamika kwamba safu imejirudia, kwa sababu zote mbili zinataka kuitwa kiasi na sarafu. Kwa @AttributeOverride unazipa majina: ombi_kiasi, ombi_sarafu, idhini_kiasi, idhini_sarafu. Inachosha kuandika, ila ni mara moja tu.

Mitego iko mbele kidogo. Mkopo usioidhinishwa bado una safu zote mbili za idhini zikiwa tupu, na Hibernate ikiusoma inakurudishia null, si Fedha yenye null ndani. Ukiita njia yoyote juu yake programu inaanguka. Usiikimbie null kwa kuweka sifuri: aliyeidhinishiwa sifuri amenyimwa, huyu bado anasubiri. Kibaya zaidi ni safu moja kuwa na kitu na ya pili kuwa tupu. Hilo lizuie kwenye hifadhidata yenyewe kwa sharti la CHECK: zote zijae au zote ziwe tupu.

Mtego ulioninyima usingizi ni BigDecimal. Ukitengeneza Fedha ya 50, ukaihifadhi kwenye safu yenye desimali mbili, inarudi 50.00. Ukiuliza kwa equals kama 50 ni sawa na 50.00, Java inasema hapana! Kwa hiyo ndani ya kijenzi cha klasi lazimisha idadi moja ya desimali kwa kila kiasi kinachoingia. Na usitumie double kwa hela, humo 0.1 kujumlisha 0.2 haitoki 0.3 kamili.

Fedha isibadilike baada ya kuundwa. Kuanzia Hibernate 6.2 unaweza kuiandika kama record ya Java, na hilo linamaliza kazi. Njia yake ya kujumlisha inakagua sarafu kwanza. Dola ikikutana na shilingi, inakataa kwa kelele.

Ila ripoti yangu haikuwa inajumlisha kwenye Java. Ilikuwa inatumia SUM ya hifadhidata, na SUM haijui lolote kuhusu klasi yangu nzuri. Inaona safu ya namba. Baada ya marekebisho yote yale, ripoti iliendelea kudanganya mpaka nilipoongeza GROUP BY kwenye sarafu. Sasa inatoa mistari miwili, shilingi na dola, na mhazini anahesabu kila rundo peke yake. Nilimpelekea ya kwanza iliyochapwa, na ujumbe kwenye magrupu yaleyale nikauandika kwa jina langu.