Shamba Lako na Mambo ya Ghafla

Ndugu mkulima wa Manda, aghalabu ukiulizwa kwa nini palizi ya mahindi imechelewa, utajibu kwamba umepatwa na mambo ya ghafla. Jumatatu mbuzi wa jirani waliingia shambani. Jumanne ilikupasa kuiwahi mashua ya Lamu. Jumatano palikuwa na maziko. Alhamisi maji yalikwisha nyumbani. Basi wiki imepita, na jembe halijafika mstari wa tatu. Hatusemi kwamba unadanganya. Lakini hebu tuyachungue mambo hayo, kwa maana si yote yaliyo ya ghafla.

Maziko hayana ratiba, wala ugonjwa wa mtoto. Hayo jembe huachwa papo hapo, na hakuna wa kukulaumu.

Safari ya mashua ni jambo jingine. Maji ya bahari huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Yakijaa leo saa 4 asubuhi, kesho yatajaa karibu saa 5 kasoro dakika 10. Wewe unayepitia hori ya Takwa, ambayo chombo hakiingii ila maji yakiwa yamejaa, wajua hayo kuliko sisi. Basi yafaa siku ya safari uichague tangu mwanzo wa wiki, na mahitaji yote ya mjini uyatimize kwa safari moja. Mbuzi nao walipita kwenye pengo la ua ambalo umeliona tangu kiangazi.

Lakini linalokula siku nyingi kupita yote ni maji. Kisiwa chetu hakina maji matamu ya kutosha. Mji wa Takwa ulihamwa katika karne ya 17, na sababu moja inayotajwa ni visima kuingia chumvi. Tegemeo letu ni jabia. Hesabu yake ni nyepesi: mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1. Sakafu ya jabia yenye mita 10 kwa 10, ikipata mvua moja ya milimita 20, huteremsha lita 2,000, yaani madebe 100 ya lita 20, ukiacha kidogo kinachopotea. Sasa fikiri ufa ulioachwa bila kuzibwa mwezi wa Februari kwa sababu kulikuwa na shughuli nyingine. Masika yatapita, maji yatavuja, na kiangazi kijacho utakuwa ukiacha jembe kila mara kwenda kutafuta maji. Kuziba ufa ule kungalikuchukua asubuhi moja au mbili tu.

Kwa hiyo mwezi wa Februari na mwanzo wa Machi, kabla ya masika, uwe wa jabia na ua. Usikubali kazi hizo zisukumwe mbele.

Mvua ikisha kunyesha, mpango uwe mwingine. Mahindi hayavumilii magugu katika wiki 4 hadi 6 za kwanza. Palizi ya kwanza ianze wiki 2 au 3 baada ya mbegu kuota. Tuseme palizi ya shamba lako yataka asubuhi 10. Usipange siku 10. Panga 14, maana siku 4 hakika zitaliwa na mambo ya watu. Zisipoliwa, anza kunde. Saa za mapema, tangu kupambazuka mpaka jua lipande, ziwe za palizi tu. Mtu akija na shauri linaloweza kungoja, mwombe kwa adabu arudi alasiri.

Simsim haina subira hata kidogo. Vitumba vya chini vikianza kufunguka, ikate, uifunge matita na uyasimamishe yakauke. Ukichelewa, mbegu zitamwagika chini.

Tena mchague mtu mmoja nyumbani, kwa zamu, awe ndiye wa kuitika miito ya asubuhi: mgeni, mbuzi, ujumbe kutoka kwa Bwana Shamba. Wengine waendelee na kazi. Si lazima watu watatu watupe majembe kumfukuza mbuzi mmoja. Na ukiitwa wewe mwenyewe, chomeka kijiti pale ulipofika, ili atakayeshika jembe baada yako aanzie hapo.