Daraja Limeoza Mbao? Huenda Tatizo Ni Sakafu Tu



Msimu uliopita kijana mmoja hapa Kharumwa alivuna mpunga magunia 60. Fuso lilipofika kwenye daraja la mbao, dereva akashuka, akatazama, akagoma. Mbao tatu zimeoza! Mpunga ukavushwa kwa bodaboda, gunia mojamoja, na faida ikaishia njiani.

Wengi tukiona hivyo tunasema daraja limekufa. Mara nyingi kilichokufa ni sakafu. Kama mihimili na kuta za kingoni ni nzima, sakafu inaweza kubadilishwa peke yake.

Shida ya mbao mojamoja ni kwamba tairi likikanyaga, ubao mmoja unabeba karibu mzigo wote. Unacheza, misumari inalegea, maji yanaingia, unaoza. Siku hizi kuna paneli: mbao nyingi zinaunganishwa kiwandani kwa gundi isiyoharibiwa na maji, zinakuwa kipande kimoja kipana. Mzigo unagawanyika.

Halafu ni nyepesi. Sakafu ya mita 5 kwa 4, unene sentimita 20, ikiwa ya zege ina karibu tani 10. Ya mbao za paini ni kama tani 2 hadi 3, kwa hiyo mihimili haielemewi. Zege nalo husubiriwa siku 28 lipate nguvu yake. Paneli ikishafungwa boliti, kazi imekwisha.

Wazo hili si geni kwetu. Miaka ya 1970 Idara ya Misitu ya Kenya ilibuni madaraja ya vipande vya mbao vilivyotengenezwa karakana na kuungwa mtoni, na UNIDO ikayasambaza nchi nyingine. Na paini tunayo, Sao Hill kule Mufindi.

Zingatia haya:
1. Mbao zikatwe na kutobolewa kwanza, ndipo ziwekwe dawa kwa presha. Bila dawa, mchwa hawana huruma.
2. Udongo usikae juu ya sakafu, unatunza unyevu.
3. Msijipigilie wenyewe. Mhandisi wa TARURA akague mihimili kwanza.

Kiangazi hiki pigeni picha, pimeni urefu na upana, pelekeni hoja kwenye mkutano wa kijiji, muhtasari umfikie diwani na TARURA. Mvua zikianza, mmechelewa.

Soko halivuki mto kukufuata, ndugu yangu.